Foto ya shamba: namna ya kuipunguza na kuinoa kabla ya kuituma



Mara hii somo letu si juu ya mbolea wala juu ya mbegu. Ni juu ya foto. Tunajua wengine watauliza: foto na kilimo vinakutana wapi? Vinakutana ndani ya simu ya agronomu. Barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka mnaijua wenyewe wakati wa mvua. Agronomu hawezi kufika kila shamba, basi shamba linamfikia yeye kwa njia ya foto. Na foto nyingi tunazoletewa ziko namna mbili: ama ni nzito, zinakaa zinazunguka masaa na rezo inakatika, ama zimefika lakini hazisomeki. Yote mawili yanaweza kumpotezea mtu mavuno.

Chukueni mfano wa muhogo, kwa sababu hapa kwetu nyumba isiyo na muhogo ni nyumba inayotafuta. Ugonjwa wa mozaiki, wengine wanauita batobato, unaletwa na virusi. Inzi mweupe mdogo anaubeba kutoka mmea mmoja hadi mwingine, na sisi wenyewe tunaubeba tunapogawana vijiti vya kupanda. Jani linakuwa na mabaka ya njano na kijani, linapinda, linabaki dogo. Sasa kuna kitu kingine, utitiri wa kijani wa muhogo. Ni mdudu mdogo sana, anakaa kwenye majani machanga ya juu, zaidi wakati wa kiangazi, na anaacha vinukta vidogo vya njano kama vile mtu amechoma jani kwa sindano. Mvua ikirudi, mmea wenye utitiri unaweza kupata nafuu. Mmea wenye mozaiki haurudi. Unang'olewa, na vijiti vyake havigawanywi kwa mtu yeyote.

Kwa mbali, ndani ya foto mbaya, vyote viwili ni "jani la njano" tu. Tuseme mama mmoja anatuma foto hiyo na anapata jibu "ngoa". Anang'oa muhogo ambao mvua ya mwezi wa kumi ingeuponya. Au tuseme anaambiwa "ngoja", na ndani ya kungoja huko anakata vijiti na kuwagawia jirani zake watatu, wawili wenyeji na mmoja mkimbizi wa kambini aliyekodi kipande cha shamba kwa franka zake za mwisho. Msimu unaofuata mashamba manne yako na mozaiki. Hapo mjue kwamba foto isiyosomeka si jambo la urembo.

Foto ni mkeka

Foto ya simu imefumwa kwa vinukta vya rangi. Vinukta hivyo vinaitwa pikseli. Fikirieni mkeka: kwa mbali mnaona ua, mkikaribia mnaona ukindu mmoja mmoja. Simu nyingi za leo zinapiga foto ya pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu. Zidisheni: ni pikseli milioni 12, ndiyo maana wauzaji wanasema "kamera ya megapikseli 12". Foto kama hiyo inaweza kufika mega 4 kwa uzito, na foto ya majani mengi inakuwa nzito kuliko foto ya ukuta mtupu, kwa sababu iko na mambo mengi madogo ya kuhifadhi.

Mkiipunguza hadi 1600 kwa 1200, inabaki na pikseli karibu milioni 2, yaani kama sehemu moja ya sita. Kwenye kioo cha simu ya yule anayeipokea hamtaona tofauti kubwa. Lakini uzito unaweza kushuka hadi nusu mega au chini yake. Foto 10 za mega 4 ni mega 40. Foto 10 za nusu mega ni mega 5. Tuseme jioni hiyo rezo yenu inapeleka kilobiti 100 kwa sekunde tu. Mega 40 zitachukua karibu dakika 53, kama haikukatika. Mega 5 zitachukua kama dakika 7. Hesabu hiyo kila sekretere wa koperative anaielewa haraka, kwa sababu mega zinanunuliwa kwa pesa ya kisanduku cha wote, na simu inachajiwa kwa sola ya jirani.

Mtatuambia: lakini WhatsApp inapunguza foto yenyewe, kwa nini tujisumbue? Ni kweli, inapunguza. (Tangu mwaka 2023 iko pia na chaguo la HD, linalopunguza kwa kiasi kidogo kuliko lile la kawaida.) Shida ni kwamba inapunguza bila kuangalia. Ukituma foto yenye mbingu, njia, viatu vyako na jani moja katikati, WhatsApp inapunguza vyote sawasawa, na jani linabaki na vinukta vichache. Wewe unajua kwamba jani njo jambo lenyewe. Programu haijui.

Kichwa cha milimita tatu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa njo watu wengi wanapotea.

Kiwavi jeshi anayekula mahindi yetu, yule aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kusambaa nchi nyingi kwa muda mfupi, anatambulikana kwa alama mbili. Kichwani iko alama ya rangi nyeupe-nyeupe kama herufi Y iliyogeuzwa juu chini. Na karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ziko nukta nne nyeusi zilizopangwa kama pembe za mraba. Viwavi wengine wanaokula mahindi hawana alama hizo mbili pamoja. Bila kuziona, agronomu anabahatisha.

Kiwavi mkubwa ana urefu wa sentimita 3 au 4, na kichwa chake ni kama milimita 3. Sasa simama wima, piga foto ya mahindi upana wa mita moja, kisha ipunguze hadi pikseli 1600. Milimita 1000 zimegawiwa pikseli 1600: kila milimita inapata pikseli moja na nusu. Kichwa cha kiwavi kinapata pikseli 5. Herufi Y haiwezi kuandikwa kwa vinukta vitano, hata malaika hawezi. Lakini inama, sogea mpaka foto ibebe upana wa sentimita 16 tu. Hapo kila milimita inapata pikseli 10, na kichwa kinapata 30. Y inaonekana. Simu ni ileile, uzito wa foto ni uleule. Kilichobadilika ni magoti yako.

Kwa hiyo kazi ya kupunguza foto inaanza shambani, kabla ya kufungua programu yoyote. Futa lensi kwa kitambaa laini, kwa sababu mkono uliotoka kwenye mawese unaacha mafuta na foto yote inakuwa na ukungu. Sogea karibu, lakini usipite kiasi; simu nyingi chini ya sentimita 10 zinashindwa kuona vizuri. Gusa kioo pale jani lilipo ili kamera ilenge pale. Bana viwiko kwenye mbavu, shika pumzi, piga. Piga mara tatu, utachagua moja. Msitumie ile ya kuvuta karibu kwa vidole, maana kwa simu nyingi haileti kitu kipya, inakata tu na kutanua vinukta. Asubuhi au jioni ni bora kuliko saa sita mchana, jua linapochoma nusu ya jani na nusu ingine inakuwa giza. Kama ni mchana, simama upande ambao kivuli chako kinafunika jani lote.

Weka kitu cha kupimia kando: biki, au kisanduku cha kiberiti. Nyuma ya jani weka kiganja au kitambaa cha rangi moja. Kitenge chenye maua ni kizuri sokoni. Nyuma ya jani lenye mabaka kinachanganya macho.

Kata, punguza, kisha noa

Mpangilio wa kazi ni huu, na msiugeuze: kwanza mnakata, halafu mnapunguza, mwisho mnanoa.

Kukata ni kuondoa kando za foto zisizo na maana. Mkikata kwanza, pikseli zote mtakazobakiza zinatumika kwa jani. Kupunguza tumeisha kueleza. Upande mrefu wa pikseli 1600 unatosha kwa jani au mdudu, na kwa foto ya mkutano au ya gunia hata 1000 inatosha.

Kunoa ndiko kunahitaji maelezo. Foto ikipunguzwa, pikseli kadhaa zinaunganishwa kuwa moja, na mipaka kati ya rangi na rangi inalainika. Jani linaonekana kama limepakwa unga. Kunoa kunarudisha ule mpaka: upande wa giza wa mpaka unaongezewa giza kidogo, upande wa mwanga unaongezewa mwanga kidogo, na jicho linaona mstari umekuwa wazi. Si uvumbuzi wa simu. Wapiga picha wa zamani, tangu miaka ya 1930 huko Ujerumani, walikuwa wanafanya hivyo ndani ya chumba cha giza kwa kupandanisha filamu na nakala yake iliyofifishwa kwa makusudi. Programu za leo zinafanya hesabu ileile.

Kwa nini mwisho? Kwa sababu kunoa kunafanya kazi kwenye mpaka wa pikseli moja au mbili. Ukinoa foto kubwa kisha ukaipunguza, ule mpaka uliounoa unamezwa. Ni kama kunoa panga halafu kulipeleka kwa mhunzi alifue upya.

Wenye simu ya Android wanaweza kutumia Snapseed, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila rezo ikiisha kuwekwa. Fungua foto, kata kwa Recadrer kama simu iko kwa Kifaransa. Ndani ya mipangilio yake kuna mahali pa kuweka kikomo cha upande mrefu wa foto inayotoka. Chagua kipimo kilicho karibu na 1600. Toa foto. Sasa fungua ile ndogo iliyotoka, siyo ya kwanza, nenda kwenye Détails, chagua Netteté, sogeza kidole upande wa kuume mpaka 10 au 20, toa tena. Ni mara mbili kwa sababu programu hiyo inapunguza wakati wa kutoa, na sisi tunataka kunoa kuwe mwisho. Structure iliyo palepale muiache, inakwaruza jani lote na kulifanya lionekane gumu.

Koperative yenye ordinatere inaweza kuweka GIMP, nayo ni ya bure. Mule kunoa kuko na vipimo vitatu: kiasi, upana wa mpaka, na kizingiti. Kwa foto ndogo, upana wa pikseli moja au chini yake, kiasi cha wastani, na kizingiti kidogo ili vumbi na chembe za kivuli zisinolewe pamoja na jani. Ukisha, hifadhi JPEG kwa ubora wa 80 au 85 juu ya 100. Kuweka 100 kunaongeza uzito sana na jicho halioni faida.

Na ile foto ya kwanza, kubwa, iacheni kama ilivyo. JPEG kila ikifunguliwa, ikarekebishwa na kuhifadhiwa tena, inapoteza kidogo, kama nguo inayofuliwa kila siku. Fanyeni kazi juu ya nakala. Agronomu akisema "nipe ile kubwa", muwe nayo kwenye kadi ya memori.

Simu zenye nafasi ndogo sana, zisizobeba programu mpya: ingieni kwenye mipangilio ya kamera, wekeni megapikseli 2 au 3. Hapo hamtakuwa na cha kukata baadaye, basi sogeeni karibu zaidi tangu mwanzo.

Mahali ambapo kunoa kunadanganya

Simu nyingi zinanoa foto zenyewe kabla hata hujaiona. Kwa hiyo wewe unaongeza juu ya kilichoongezwa. Ukizidisha, kila mpaka unapata uzi mweupe unaong'aa. Kwenye foto ya harusi watu watacheka tu. Kwenye foto ya jani ni hatari, kwa sababu kuna magonjwa ya madoa ambayo doa lake kweli linazungukwa na duara la rangi hafifu, na agronomu anatafuta duara hilo. Ukimtengenezea duara la uongo, atakuandikia dawa ya ugonjwa ambao huna. Utapoteza pesa ya dawa, na ugonjwa wenyewe utaendelea.

Angalieni hivi: foto ikiisha kunolewa, itanueni kidogo kwenye kioo na kutazama ukingo wa jani. Mkiona uzi mweupe, rudini nyuma. Ikiwa inaonekana "nzuri sana", ni mara nyingi imezidi.

Tena, msiguse rangi. Zile vichujio vinavyofanya kijani kuwa kijani zaidi vinafuta njano ya mozaiki kama vile haijawahi kuwepo. Na kunoa hakuponyi foto iliyotikisika. Mkono ukitetemeka wakati wa kupiga, piga tena. Hakuna programu itakayoweka alama ya Y ambayo kamera haikuiona.

Kwa foto za soko shauri letu ni lilelile, na sababu ni pesa. Mnunuzi wa Uvira au Bukavu anaagiza mchele au ndagala kwa kuangalia foto. Mchele ulionolewa sana unaonekana umevunjika, kila punje na kando kali, na yeye anashusha bei kwa kitu ambacho ni kizuri. Na ukiunoa kidogo lakini ukaongeza mwanga ili mawe yasionekane, atauona ukweli gunia likifunguliwa, na mara ya pili hatapokea simu. Piga foto mbili: gunia zima, na kiganja kimoja cha mchele juu ya kitambaa cheusi, kilichochukuliwa katikati ya gunia na siyo juu yake. Kwa ndagala, mwaga kidogo kwenye ungo, kivulini.

Kile ambacho foto inasema bila wewe kujua

Simu ikiwa na GPS wazi, inaweza kuandika ndani ya faili la foto mahali ulipopigia. WhatsApp ukiituma kama foto ya kawaida inaondoa maandishi hayo. Ukiituma kama dokima, ili isipunguzwe, maandishi yanaenda pamoja nayo. Basi zimeni mahali kwenye mipangilio ya kamera. Katika Fizi yetu hatuna haja ya kumwonyesha kila mtu njia ya kwenda ghalani. Msiweke pia foto ya depo iliyojaa magunia kwenye kikundi cha watu 200 na kuandika "leo tumevuna". Mtumieni mnunuzi peke yake.

Juu ya sura za watu: ombeni ruhusa, na mwelezeni mtu foto itaenda wapi. Mwanachama aliyekimbia Burundi na kufika Lusenda anaweza kuwa na sababu zake za kutotaka sura yake izunguke, na hadaiwi maelezo. Jani halihitaji uso wa mwenye shamba. Mikono inatosha.

Foto nne na maneno machache

Kwa ugonjwa wowote wa muhogo tunaomba foto nne: shamba kwa mbali, mmea mzima, jani kwa karibu, na mzizi uliokatwa. Mzizi msiusahau. Ugonjwa wa michirizi kahawia unaweza kuonyesha njano kidogo tu kando ya mishipa ya majani ya chini, bila jani kupinda, na mkulima anafikiri ni uzee wa jani. Ukikata mzizi unakuta kuoza kukavu kwa rangi ya kahawia ndani. Huko shamba linaweza kuonekana zuri mpaka siku ya kuvuna.

Wenye Android wanaweza pia kujaribu PlantVillage Nuru, programu iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Penn State pamoja na IITA na FAO. Inaangalia majani ya muhogo na mahindi kwa kamera, inasema Kiswahili, na haihitaji rezo wakati wa kuangalia. Inasaidia, lakini jibu lake mtumieni agronomu pamoja na foto, msing'oe shamba kwa neno la simu peke yake.

Foto bila maneno ni nusu ya habari. Andikeni chini yake mambo ambayo kamera haioni: mbegu imetoka wapi, imepandwa lini, mimea mingapi imeshikwa. Ujumbe unaweza kuwa mfupi kama huu:

"Papa agronomu, jambo. Ni koperative ya mama, shamba la bondeni karibu na mto. Muhogo, tulipanda mwezi wa kumi na moja, vijiti tulinunua soko ya Baraka. Tulihesabu mimea 40, 12 iko vile. Majani ya juu njo imepinda, ya chini iko muzuri. Mizizi bado midogo, tulikata moja, ndani ni nyeupe. Foto 4, zimepunguzwa, rangi hatukugusa. Kubwa ziko kwa sekretere. Hatujagawa vijiti, tunangoja jibu."